Vikao Vinne Vyatosha

Ugomvi wa nyumbani huku kwetu una msimu wake. Mahindi yakishavunwa, yakapukuchuliwa na kuanikwa, gunia la kwanza likabebwa na pikipiki kwenda soko la Bokoli hapa Bungoma, ndipo maneno huanza. Nani ameuza? Ameuza bei gani? Pesa zimeingia kwenye simu ya nani? Januari inapofika na karo ya shule, swali la gunia moja limekwisha kuwa swali la ndoa nzima. Mke anafunga nguo zake na kurudi kwao. Mume anabaki na watoto na aibu. Jumapili inayofuata mmoja wao anangoja ibada iishe, watu watawanyike, kisha anamsogelea mchungaji na kusema kwa sauti ya chini: "Mchungaji, nataka tuongee kidogo."

Makala haya ni ya mchungaji huyo, pamoja na wazee wa kanisa na akina mama wanaomsaidia. Ni ya huyo aliyengoja ibada iishe pia.

Kwa kawaida mambo hufuata mojawapo ya njia tatu. Ya kwanza, mchungaji anamwombea na kumwambia avumilie. Sina neno baya juu ya maombi, ila mtu aliyengoja saa mbili nje ya kanisa ili aseme jambo, akaombewa kabla hajalimaliza, huenda nyumbani akijua kwamba hakusikika. Njia ya pili ni kuitisha wazee. Wazee wetu wana hekima, lakini kikao chao kimezoea kutafuta mkosaji na kumtoza faini, na ndoa ambayo mmoja ametangazwa mshindi hailali vizuri usiku huo. Ya tatu ndiyo inayofanana zaidi na upendo, na ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote: mchungaji anaanza kuitembelea ile nyumba kila wiki, mwezi baada ya mwezi, hadi hakuna linaloamuliwa bila yeye. Mume akitaka kuuza ng'ombe, anampigia mchungaji. Mke akikasirika, anampigia mchungaji. Hapo mchungaji amekuwa mtu wa tatu katika ndoa ya watu wawili, na siku akihamishwa, nyumba inaanguka.

Kuna njia nyingine. Ni ushauri wa kichungaji wa muda mfupi: vikao vichache vilivyohesabiwa tangu mwanzo, jambo moja lililochaguliwa, na tarehe ya kumaliza inayojulikana na wote. Mwaka 1992 mwanasaikolojia Mkristo David Benner aliandika kitabu kilichopendekeza kwamba mchungaji asizidi vikao vitano na mtu mmoja au familia moja. Kabla yake, kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, Steve de Shazer na mkewe Insoo Kim Berg walikuwa wakifanya kazi na familia mjini Milwaukee, Marekani. Waliona kwamba watu husonga haraka zaidi wakiulizwa nini kiliwahi kufaa katika maisha yao kuliko wakiulizwa nini kimeharibika. Mafunzo yao hayakutungwa kwa ajili ya Bungoma. Hata hivyo, anayejua maisha ya huku ataona mara moja kwamba yanatufaa.

Angalia jinsi familia zetu zinavyoishi. Kuna nyumba yenye ekari mbili Bokoli na shamba la kukodi upande wa Kitale, na baba yuko kule tangu kulima hadi kupalilia. Kuna mume anayefanya kazi Eldoret au Nairobi, anayekuja nyumbani siku tatu kwa mwezi. Kuna waliotegemea mshahara wa kiwanda cha karatasi cha Pan Paper pale Webuye hadi kiliposimama mwaka 2009, na waliouza miwa kwa kiwanda cha sukari cha Nzoia wakangoja malipo muda mrefu kuliko walivyongoja miwa yenyewe kukomaa. Mwanamume aliyezoea kuleta mshahara, akaketi nyumbani mikono mitupu, hawi mume yule yule, na mke aliyeanza kulisha nyumba kwa kibanda cha mboga hawi mke yule yule. Watu hawa hawana nafasi ya vikao 20. Mchungaji naye ana makanisa mawili au matatu ya kuangalia, mazishi ya Ijumaa na Jumamosi, na shamba lake mwenyewe. Musa alikaa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni mpaka Yethro, baba mkwe wake, alipomwonya kwamba atajichosha na watu atawachosha. Onyo hilo lilitoka kwa mkwe, na sidhani ni ajabu. Mkwe huona haraka mtu anapoiacha nyumba yake kwa sababu ya kazi ya watu.

Basi anza hivi. Mtu akikuambia anataka kuongea, usimsikilize pale pale mlangoni mwa kanisa huku waumini wakipita na kuhesabu dakika. Mpe siku na saa. Kisha, kabla ya kuwaketisha mume na mke pamoja, msikilize kila mmoja peke yake, walau nusu saa. Mchungaji wa kiume amsikilize mke akiwa na mke wake, au na mama wa kanisa anayeaminika kwa kunyamaza. Kaeni mahali ambapo watu wanaweza kuwaona lakini hawawezi kuwasikia. Chini ya mwembe wa kanisa panafaa kuliko ofisi yenye mlango uliofungwa. Katika maongezi hayo ya faragha kuna swali moja ambalo halipaswi kukosekana: "Je, unaogopa kurudi nyumbani leo?"

Nitakaa kidogo kwenye swali hilo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu uliofanywa Kenya mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 62 ya wanawake wa kaunti ya Bungoma wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofika miaka 15. Kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 34. Hakuna kaunti iliyotupita. Maana yake ni kwamba mchungaji wa Bokoli akitazama upande wa akina mama Jumapili, zaidi ya nusu ya anaowaona wamepitia hayo. Hatuwezi kuendelea kuhubiri juu ya amani ya nyumbani kana kwamba takwimu hizi ni za watu wengine.

Kwa hiyo, mke akijibu kwamba anaogopa, vikao vya pamoja havianzi. Mwanamke hawezi kusema ukweli mbele ya mtu atakayempiga usiku kwa ajili ya ukweli huo, na mchungaji anayemlazimisha kuketi pale amemweka hatarini kwa nia njema. Kazi yako siku hiyo ni kumsaidia awe salama: aende kwa ndugu, apate matibabu, afike kwenye dawati la jinsia katika kituo cha polisi akitaka. Nambari 1195 hupokea simu bila malipo kwa wanaodhulumiwa, na 116 ni ya watoto. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inamruhusu kwenda mahakamani kuomba amri ya kulindwa. Msindikize, au tafuta mtu wa kumsindikiza. Mume anaweza kushauriwa peke yake, na ashauriwe kweli, lakini toba yake ipimwe kwa miezi. Machozi ya jioni moja hayatoshi kumrudisha mke.

Na mtoto akiwa amenajisiwa, hapana kikao cha aina yoyote, hata mkosaji akiwa mzee wa kanisa, hata familia zikiwa zimekubaliana ng'ombe. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, kesi hiyo haifutwi na familia wala wazee. Mchungaji anayekaa kwenye mapatano ya namna hiyo anashiriki kumfunika mkosaji.

Sasa turudi kwa wale ambao shida yao ni ya kawaida: pesa, kimya, wakwe, simu, pombe ya Jumamosi ambayo bado haijawa ugonjwa. Hawa ndio wengi wanaoweza kusaidika kwa vikao vinne vya saa moja moja, kila baada ya wiki mbili. Waambie hivyo siku ya kwanza. "Tutakutana mara nne. Mara ya nne tutafunga." Utaona nyuso zao zinabadilika. Mtu aliyedhani ameingia kwenye kesi isiyo na mwisho anapumua, na aliyedhani ana mwaka mzima wa kumsema mwenzake anaelewa kwamba hana. Tarehe ya mwisho ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko maneno yako yote.

Kikao cha kwanza ni cha kuchagua jambo moja. Watakuja na kumi. Mke ataanza na mahari ambayo haijaisha, apite kwa shemeji aliyekopa mbegu, amalizie na ujumbe aliousoma kwenye simu mwaka juzi. Mwache aseme, kisha mwache mume aseme, bila kukatizana. Ukiona sauti zinapanda, omba kimya cha dakika mbili. Wenzetu wa Kanisa la Marafiki, ambao wamishenari wao walifika Kaimosi mwaka 1902, wanatoka katika mapokeo ambayo kimya ni ibada, na katika jambo hili sisi wa madhehebu mengine tungewaiga bila aibu. Baada ya kusikiliza, uliza: "Katika haya yote, ni lipi ambalo likipungua hata kidogo, nyumba itapumua?" Lazima wote wawili walitaje jambo lile lile. Ikichukua saa nzima kufika hapo, saa hiyo haikupotea.

Halafu lifanye jambo hilo lionekane kwa macho. "Aniheshimu" haionekani. "Aniambie kabla hajauza mahindi" inaonekana. Akina de Shazer walikuwa na swali lao mashuhuri kuhusu muujiza unaotokea usiku mkiwa mmelala. Kanisani swali hilo linahitaji uangalifu, kwa sababu neno muujiza lina kazi nyingine kwetu, na utajibiwa tu kwamba Mungu atatenda. Mimi ningeuliza hivi: "Mkiamka kesho na shida hii haipo, jirani yenu atajuaje? Ataona nini asubuhi?" Jibu likiwa ni kwamba ataona mume anaaga kabla ya kuwasha pikipiki, mmeshapata kazi ya wiki mbili. Kitu kidogo namna hiyo mtu anaweza kukitenda Jumatatu.

Kikao cha pili kina utajiri mwingi, na wengi wetu hukipoteza kwa kuhubiri. Uliza ni lini mara ya mwisho walipoelewana juu ya jambo hilo hilo. Watasema haijawahi kutokea. Subiri. Baada ya muda mmoja atakumbuka: mwaka mtoto alipolazwa hospitali ya Lugulu, au ile miezi ya kuandaa tohara ya kijana wao, walikaa jioni wakahesabu kila shilingi pamoja. Hapo shika kwa mikono miwili. Walikaa wapi? Nani alianza kuongea? Pesa aliziweka nani? Kwa nini waliweza wakati ule? Watu hawa wana ujuzi wao wenyewe ambao wameusahau kwa hasira, na wewe kazi yako ni kuwakumbusha. Waachie wakarudie kitu kimoja walichokuwa wakikifanya wakati ule, kwa wiki mbili tu: labda kula chakula cha jioni pamoja mara mbili kwa wiki simu zikiwa mbali, labda kuandika kwenye daftari la shule kila pesa iliyoingia na iliyotoka.

Kupima nako kunasaidia. Mwambie kila mmoja ataje, kutoka sifuri hadi 10, amani ya nyumba iko wapi leo. Wasiopenda nambari waulize kwa debe na gorogoro, wataelewa mara moja. Mume akisema saba na mke akisema mbili, usiwapatanishe kwenye tano. Muulize mke nini kingeifanya mbili yake iwe tatu, na mume asikilize jibu hilo mpaka mwisho.

Kikao cha tatu ni kifupi. Wameshika au hawakushika? Walioshika waendelee. Wasioshika, punguza mzigo uwe mdogo zaidi, bila kulaumu.

Katika vikao vyote hivi, mila zisidharauliwe. Kwetu Wabukusu, mwanamume hakai ovyo chumba kimoja na mama mkwe wake, wala mke na baba mkwe, na mchungaji anayewarundika wote kwenye sebule moja kwa jina la uwazi anawafunga midomo watu wote wanne. Kama shida inawahusu wakwe, zungumza nao kando, au mtume senge, shangazi wa upande wa baba, ambaye tangu zamani ndiye mwenye ruhusa ya kumwambia binti wa nyumba yao yale ambayo mama hawezi. Khocha, mjomba, naye anaweza kumwambia kijana neno ambalo baba yake akilisema litakuwa vita. Watu hawa wakielezwa mapema kwamba wanahitajika kwa jambo moja, mara moja, ni msaada mkubwa. Ninaomba pia jambo ambalo litawashangaza baadhi ya ndugu zangu: msikubali kuchinjiwa kuku kabla ya kikao cha mwisho. Kuku kwetu ni heshima kubwa, na mchungaji aliyekula kwa mume Jumanne atatazamwa na mke Alhamisi kama mgeni wa upande mmoja.

Siri nayo. Nyumba nyingi zimeumizwa na "ombi la maombi" lililotangazwa bila jina lakini likijulikana na kanisa zima. Usilitangaze. Usihubiri juu ya jambo lao Jumapili inayofuata, hata kwa mfano wa mbali, maana watajua, na majirani watajua. Usimwambie mkeo ikiwa hakuwa kwenye kikao. Ukiandika chochote, andika tarehe na kazi waliyokubaliana, bila majina. Ahadi ya siri ina mipaka yake, na waeleze mapema: hatari kwa maisha ya mtu au kwa mtoto haifichwi.

Kuna mambo ambayo vikao vinne haviwezi. Mtu ambaye chang'aa imemshika mpaka anatetemeka asubuhi, mama asiyelala wiki nzima baada ya kujifungua na anasikia sauti, kijana anayezungumza juu ya kujiua: hawa wanahitaji hospitali, Webuye, Bungoma au Kitale, na mchungaji aende nao kama rafiki. Ugomvi wa hati ya shamba unahitaji mwanasheria, na wanandoa wajue kwamba shamba la familia halipaswi kuuzwa bila idhini ya mume au mke. Kumpeleka mtu kwa mwenye ujuzi ni sehemu ya uchungaji.

Serikali yenyewe imetuachia nafasi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, kifungu cha 64, inasema waliofunga ndoa ya Kikristo wanaweza kutafuta huduma ya chombo cha upatanisho kilichoundwa kanisani mwao. Makanisa mangapi ya vijijini yana chombo hicho? Hakihitaji jengo wala bajeti. Kinahitaji watu wanne au watano, wanaume na wanawake, waliofundishwa kusikiliza na wanaojulikana kwa kutunza siri, ili mchungaji asibebe kila nyumba peke yake. Parokia na wilaya za kanisa zingeanza hapo kabla ya kununua vipaza sauti vingine.

Kikao cha nne ni cha kufunga, na kifungeni kweli. Waulize wamejifunza nini, watafanya nini ugomvi ukirudi, nani kati ya ndugu watamwendea kwanza. Ugomvi utarudi, waambie bila kuficha. Ombeni pamoja, safari hii kwa muda mrefu, kwa maana sasa wanajua wanachoombea. Kisha weka tarehe moja ya kuwatembelea, miezi mitatu baadaye, baada ya mavuno kama inawezekana, kwa sababu gunia la kwanza likiuzwa ndipo mtajua. Siku hiyo kuku aliwe.

Na wewe uliyengoja nje ya kanisa: usisubiri mpaka nguo zifungwe. Kama hakuna anayekupiga na bado mnaweza kuketi meza moja, nenda na mwenzako kwa mchungaji wiki hii, mumwambie mnaomba vikao vinne juu ya jambo moja. Kama unaogopa kurudi nyumbani, usingoje Jumapili. Piga 1195 leo.